Gasketi ya Tatu

Gasketi ya pili ilipoungua, fundi Mkono alikwenda mbele ya lori lao. Alifungua kifuniko cha rejeta, akamwambia mkewe apige stata, akachungulia, akaona maji yakitoa mapovu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akakipangusa kijiti kwa tambara, akakirudisha mahali pake taratibu, kwa adabu zote, kisha akaipiga teke ndoo iliyokuwa karibu ikaenda kugonga geti.

"Ndoo imekukosea nini?" mkewe aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Si ndoo. Ni gasketi. Yule bwana wa spea ameniuzia takataka tena."

"Baba Pacha, sikiliza kwanza. Ilinizimikia kwenye ule mteremko mrefu, nina mzigo kamili nyuma..."

"Si nimekwambia ni gasketi!"

Mama Pacha alizima injini, akashuka, akafunga mlango wa lori bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza. Mkono alimjua mkewe vizuri: akibamiza mlango, hasira zinaishia kwenye mlango.

Lori lenyewe lilikuwa la zamani, la pua ndefu, la aina ambayo siku hizi likipita barabarani watu wanageuka kulitazama, wengine kwa mapenzi na wengine kwa huruma. Walilinunua pacha wao wakiwa bado wanatambaa, na tangu siku hiyo mgawanyo wa kazi ukawa mmoja: mama anaendesha, baba anatengeneza. Pacha walikua wakaenda kuanza maisha yao. Lori likabaki linawalisha wazazi.

Na gasketi, ukiiona, ni kitu cha kudharau. Bamba jembamba lililotobolewa matundu, linalala kati ya bloku ya injini na kichwa chake, kile ambacho mafundi wanakiita hedi. Kazi yake ni kuwatenganisha jirani watatu wasiopatana, yaani moto, maji na oili. Ikiungua, hao watatu wanakutana, na hapo injini yako haina tena siku nyingi.

"Safari hii nakutolea uvivu," Mama Pacha alisema jioni ile, akiwa amesimama mlangoni mwa gereji na kanga begani. "Fungua, badilisha, funga. Ikiungua tena, lori nalipeleka ng'ambo ya barabara."

"Kwa nani?"

"Unajua kwa nani."

Alijua. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji ya fundi waliyemwita Kipimo, mtu mwembamba, mpole, ambaye hakazi boliti bila kifaa cha kupimia. Mkono alikuwa amemcheka miaka nenda miaka rudi. "Yule nyumbani kwake anapima hata chumvi," alikuwa akiwaambia wateja, na wateja wanacheka, na yeye anavuta spana yake kwa mkono mtupu mpaka boliti inatoa kile kilio chembamba ambacho aliyekwisha kukisikia hakisahau. "Imesema," anasema. Hapo ndipo alipopata jina. Mkono wake ndio mizani, watu walisema, na madereva walitoka mbali kuja kukaziwa injini na Mkono. Sasa fikiria lori la Mkono, linaloendeshwa na mke wa Mkono, limeegeshwa kwa Kipimo, barabara nzima inaliona.

Lakini si hilo tu, na hapa sina sababu ya kumfichia siri. Mkono wenyewe, wa kulia, ulikuwa umeanza kumsaliti. Ilianza na ganzi kwenye kidole kidogo, ikapanda kwenye kiganja, ikafika kwenye kiwiko. Asubuhi nyingine alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati mpaka aukande mkono kwanza. Kikombe kilimponyoka, akasema kilikuwa na mafuta. Nati zilimponyoka, akasema jua kali. Hakumwambia mtu, hata mkewe anayelala ubavuni pake. Alijitia hamnazo, na mtu akijitia hamnazo kwa muda wa kutosha, anaanza kuamini mwenyewe. Kwa hiyo aliposema ni gasketi, alikuwa anaamini. Karibu aamini.

*

Muuza spea aliitwa Orijino, kwa sababu hakuna kitu dukani kwake ambacho si orijino. Ukimwuliza bei ya kamba ya kufungia mzigo atakwambia ni orijino. Alipomwona Mkono anaingia na gasketi mbili zilizoungua kwapani, alijifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

"Toka huko chini," Mkono alisema. "Nimekuona."

"Aa, Fundi Mkono! Karibu, karibu. Nilikuwa nakutafutia..."

"Hii ya kwanza uliniuzia ya karatasi." Akaitupa juu ya kaunta. "Hii ya pili ukasema ni ya chuma, haiungui hata ikiwekwa motoni. Itazame."

Orijino aliitazama, akaigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa maiti. "Fundi, gasketi hii nimewauzia watu wengi. Hakuna aliyerudi."

"Kwa hiyo mimi ndiye sijui kazi?"

Dukani kulikuwa na wateja. Wote waligeuka. Mkono akapandisha sauti, akasema mengi, mengine ya kweli na mengine ya hasira tu, mpaka mama mmoja aliyekuja kununua balbu akatoka bila balbu. Orijino aliingia stoo akarudi na gasketi zote za injini ile alizokuwa nazo, akazipanga juu ya kaunta.

"Chagua mwenyewe," alisema. "Nisiambiwe nimekuchagulia."

Na Mkono akachagua. Hapo mtu asimkosee heshima, kuchagua alijua. Injini zile za zamani gasketi zake haziko sawa kwa unene. Pembeni pana vitundu vidogo: kimoja ni nyembamba, viwili ni ya kati, vitatu ni nene. Unachagua kufuatana na pistoni zinavyochungulia juu ya bloku, na bloku yake iliwahi kusagwa zamani, ikapungua kimo, pistoni zikawa zinachungulia zaidi kuliko kiwandani walivyotaka. Alikuwa amezipima asubuhi, moja moja, kwa rula ya chuma na vibamba vya kupimia nafasi. Alihitaji vitundu vitatu. Akazinyanyua moja moja, akaziangalia kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole kwenye pete za chuma zinazozunguka matundu ya silinda. Hii ina mkwaruzo. Hii imekunjwa ikanyooshwa, nani anamdanganya nani? Hii pete yake imelegea. Mwisho akabaki na moja ambayo alitafuta kasoro kwa bidii zote na hakuiona.

Ilimkasirisha zaidi. Ukweli ni kwamba hata ile ya pili alikuwa ameikagua vivyo hivyo, na hata yenyewe hakuiona kasoro.

"Orijino hiyo," Orijino alisema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza."

*

Kazi ya kutayarisha aliifanya vizuri mpaka ungependa kumtazama. Alikwangua mabaki ya gasketi ya zamani bila kuichubua bloku. Alilaza rula ya chuma juu ya hedi, wima, mlalo na kwa pembe, akamulika tochi kwa nyuma, mwanga haukupita popote: hedi haikupinda. Alisafisha boliti kwa brashi ya waya, akazipaka oili kidogo kwenye nyuzi, akapuliza matundu yake kwa upepo mpaka yakakauka, maana maji yakibaki chini ya boliti utadhani umekaza kumbe umekaza maji. Kazi zote hizo mkono wa kushoto ulisaidia, na wa kulia ulijikokota nyuma yake. Kwa kuinua hedi alitumia winchi. Ilishuka polepole, ikakaa juu ya gasketi mpya bila kuisogeza.

Ikabaki kukaza.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: Mkono akikaza hedi, hakuna mtu gerejini. Redio inazimwa. Mteja akija anaambiwa arudi baadaye. Hata pacha walipokuwa wadogo walijua, baba anakaza, nendeni mkacheze kwa jirani. Sababu ni kwamba alikuwa anasikiliza boliti, na boliti zinasema kwa sauti ndogo. Ilikuwa sheria nzuri ya fundi mzuri. Miezi ya karibuni sheria hiyo ilikuwa imegeuka pazia la kuuficha mkono wake.

Kwa hiyo alipoweka spana kwenye boliti ya kwanza ya katikati na kusikia viatu vya mkewe mlangoni, aligeuka amefura.

"Nakaza," alisema.

"Naona."

"Basi toka, mama."

Mama Pacha hakutoka. Alikwenda kwenye meza, akazitandaza zile gasketi mbili zilizoungua, moja kando ya nyingine, akazigeuza zikatazama upande mmoja.

"Njoo uone."

"Nimeziona hizo."

"Hii ni ya karatasi, hii ni ya chuma. Hazifanani, hazikutoka kiwanda kimoja. Mbona zimeungulia mahali pamoja?" Kidole chake kilikuwa juu ya tundu la silinda ya mwisho, ile ya nyuma kabisa, iliyojificha chini ya kioo cha lori. "Huku mbele pete zimebanwa vizuri, zimeacha alama. Huku nyuma hakuna alama hata kidogo. Kama vile hakuna aliyezikandamiza."

Mkono alisema hedi imepinda. Mkewe akamwuliza kama hakuipima leo. Akasema basi ni bloku. Mkewe akamwuliza kama bloku nayo hakuipima. Akasema joto la nyuma ni kali kuliko la mbele. Mkewe akasema lilikuwa hivyohivyo miaka yote, na gasketi zilikuwa zinakaa.

"Wewe ni dereva," Mkono alisema, akasikia mwenyewe jinsi maneno yalivyotoka vibaya.

"Ndiyo. Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya hiyo injini." Akatoa kanga begani. Ndani yake alikuwa amefunga kitu kirefu, akakiweka mezani. Ilikuwa spana ya kupimia nguvu, ile ambayo unaipangia kiasi, unavuta, na kiasi kikitimia inalia *ka!* na kukwambia basi.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimeazima."

"Kwa Kipimo? Umevuka barabara, watu wote wanakuona, umekwenda kumwomba spana Kipimo?"

"Nimevuka barabara, watu wote wameniona," Mama Pacha alisema. "Wengine wamenisalimia."

Damu ilimchemka Mkono mpaka masikio yakawaka. Angeweza kuitupa ile spana nje ya geti. Badala yake aliinyakua. Atamwonyesha. Atakaza boliti zote, kwa mkono mtupu, kisha atapitisha spana ya Kipimo juu yake, ilie *ka! ka! ka!* kama kuku wa kufugwa, aone mwenyewe kama mkono wa Mkono unahitaji kifaa. Akakaza. Alianza katikati, akaenda akizunguka kuelekea nje, raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama inavyotakiwa. Boliti za mbele na za katikati alizivuta kwa mwili mzima, mguu kwenye bampa, mgongo unasaidia. Zikasema. Za nyuma huwezi kuzivuta hivyo. Ziko chini ya ukuta wa kabini ya dereva, hakuna nafasi ya bega wala mgongo, unaingiza mkono peke yake na unavuta kwa mkono peke yake.

"Haya," alisema akihema. "Nipangie hiyo spana yako."

Mama Pacha alizungusha mpini mpaka kwenye alama, akampa.

Boliti ya katikati: *ka!* Ya pili: *ka!* Mkono alitabasamu. Mbele zote: *ka!* Akamtazama mkewe. Kisha akaingiza mkono nyuma, akaweka spana kwenye boliti ya mwisho, akavuta.

Kimya.

Akavuta tena. Boliti ilikwenda kidogo, laini, kama kifuniko cha chupa. Spana haikulia. Akavuta kwa nguvu zake zote, macho yakamtoka, jasho likamtiririka mpaka kidevuni, vidole vikaanza kuchoma na halafu vikaacha kuwepo kabisa. Haikulia.

"Spana mbovu hii," alisema.

"Imelia huko mbele."

"Imeharibika sasa hivi!"

"Sogea."

Mama Pacha alipanda kwenye tairi la mbele, akaingiza mkono wake palepale, akavuta. Aliuma meno, maana si kazi nyepesi, na boliti ikazunguka, ikazunguka, na mwishowe: *ka!*

Mkono alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto, Baba Pacha."

"Tangu kabla ya gasketi ya kwanza."

Alitegemea atamhurumia. Alikuwa tayari kuzikataa huruma hizo, alishaandaa hata maneno ya kuzikatalia. Mama Pacha alishuka kwenye tairi akasimama mbele yake.

"Lori lilipozima kwenye mteremko, upepo wa breki ukaanza kuisha. Kila nikikanyaga unapungua. Mzigo kamili nyuma, mbele basi la abiria. Nimelishusha mlima ule mkono wangu uko kwenye honi, na mguu natia nauondoa, natia nauondoa, naomba Mungu. Nimefika hapa nikaanza kukueleza. Ukaniambia nini?"

"Gasketi."

"Ukaniambia gasketi."

"Niliogopa," Mkono alisema.

"Uliogopa nini?"

Aibu ilimjaa, lakini alisema. "Kwamba utalipeleka kwa Kipimo."

Mama Pacha alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi niliogopa kufa," alisema. Akamnyang'anya ile spana na kupanda tena juu ya tairi. "Haya. Inayofuata ni ipi?"

Mkono akamwelekeza. Ya kulia kwake. Sasa ya mkabala wake. Vuta kwa utulivu, usiishtue. Ngoja, pumzika, rudi ile ya kwanza. Mkewe alivuta, spana ikalia, akavuta, ikalia. Walirudishia vali, mabomba, mipira ya rejeta, maji, oili mpya. Alimwelekeza mpaka sauti ikamkauka, na hakuna neno jingine lililopita kati yao lisilokuwa la injini.

Iliwaka kwa stata moja. Mkono alisimama juu ya rejeta iliyo wazi, akasubiri. Maji yalikuwa yametulia. Injini ikapata moto, ikaunguruma, akamwambia mkewe aipandishe, akaipandisha, maji yakazunguka bila povu hata moja. Moshi wa nyuma ulikuwa safi. Akachomoa kijiti, akakinusa, akakirudisha. Kifua kilimfunguka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Akafikiri: basi, yamekwisha, Orijino nitamwomba radhi kesho, Kipimo nitamrudishia spana yake mwenyewe, nitacheka naye kidogo, mkono utapata dawa.

"Imekaa, Mama Pacha!" alipaza sauti. "Imekaa!"

Mama Pacha alizima injini. Hakushuka. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono yote miwili, anautazama.

"Nati za magurudumu," alisema, "ulikaza wewe?"

"Hizo usihofu. Naweka bomba kwenye spana, napanda juu yake kwa miguu. Hizo hazina neno."

"Na hili sanduku la usukani? Si ulilishusha ukalibadilisha sili, juzijuzi?"

Lile sanduku, ndilo linalogeuza magurudumu, limefungwa kwenye chesisi kwa chini. Unalala chali, hakuna pa kukanyaga wala pa kuegemea, unanyoosha mkono juu, na unakaza. Mkono aliona gereji yote imesogea mbali naye.

"Ulikaza kwa mkono gani?" mkewe aliuliza.

Mama Pacha akashuka kwenye lori, akachukua ile spana mezani, akatandika kipande cha boksi sakafuni, akalala chali na kujisukuma chini ya pua ya lori mpaka zikabaki ndala zake tu. Mkono alipiga magoti kando ya gurudumu. Alisikia spana ikikaa kwenye boliti. Akatega sikio kama alivyotega maisha yake yote, akiomba ile *ka!* ije upesi, ije hata kabla mkewe hajavuta vizuri.

Alichosikia ni boliti ikizunguka. Ikazunguka tena. Mkewe akaitoa spana, akaiweka upya, na ikazunguka tena.